Kanda Elfu Mbili, Faili Mbili

Dada yangu hajawahi kugombana na mtu kazini, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ningekuwa mimi, pangechimbika. Miaka kumi na tisa ametunza kanda za kituo cha redio kwenye chumba kisicho na dirisha, mpaka wenzake wakamwita Mama Kanda. Kanda elfu mbili na mia moja. Kila moja ina boksi lake, na juu ya boksi, kwa mwandiko wake: nani anazungumza, juu ya nini, siku gani. Hayohayo ameyaandika tena kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi.

Mwaka huu Mkuu wa kituo akaamua kanda zote ziingizwe kwenye hifadhi ya wingu, yaani kwenye kompyuta za watu wengine zilizo mbali, halafu zenyewe zikateketezwe ili chumba kipatikane. Kazi akapewa fundi mmoja ambaye ukimuuliza lolote jibu lake ni "tayari". Wakambatiza Bwana Tayari.

Siku ya kwanza tu dada alimpelekea daftari. Akaambiwa aliweke pale, makaratasi yamepitwa na wakati. Alipojaribu kueleza kwamba majina yako kwenye maboksi, si kwenye kanda, jamaa alikuwa ameshavaa visikilizio masikioni. Jeuri ya bure kabisa, na dada akarudi chumbani kwake.

Wiki ya sita Mkuu akamletea fomu: atie sahihi kwamba kila kitu kimehifadhiwa, lori lije Ijumaa saa nane kuchukua kanda. Dada akaomba kwanza asikilize moja huko kwenye wingu, ile ya mahojiano na mkunga mstaafu. Akajibiwa kwamba anakwamisha kazi. Alipokataa kusaini, Alhamisi akapewa barua ya onyo. Mtu ambaye hajawahi hata kuchelewa!

Jioni hiyo akanipigia simu. Kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha, na damu ilinichemka. Kesho yake niliomba ruhusa kazini kwangu, nikaenda naye. Saa sita mchana tulikuwa ofisini kwa Mkuu, na Bwana Tayari amepakata kompyuta yake.

Akatuonyesha kumbukumbu za kazi: mistari elfu nne na mia mbili, mmoja kwa kila upande wa kanda, na kila mmoja umeandikwa "imefanikiwa". Mkuu akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Nikaomba kuiona programu yenyewe. Alikuwa ametumia maktaba ya wenye huduma, yaani programu waliyokwisha kuiandika wao ili izungumze na wingu kwa niaba yako. Unaiambia faili iko wapi na iitweje, inaipeleka. Maktaba nzuri tu, hata mimi naitumia. Lakini kwa majina, Bwana Tayari alichukua kilichochapwa na kiwanda kwenye kila kanda: Upande A, Upande B. Na hifadhi ile, ukileta faili yenye jina ambalo limo tayari, inafuta ya zamani na kuweka mpya, mpaka uikataze. Hakuikataza.

"Iulize ina faili ngapi," nikamwambia.

Akaandika, akabonyeza. Jibu likaja: mbili.

Tukazifungua. Upande A, ufugaji wa kuku. Upande B, ufugaji wa kuku, sehemu ya pili. Ndiyo kanda ya mwisho kwenye rafu. Nyingine zote zilikuwa zimefutana moja baada ya nyingine, na nakala za kwenye kompyuta yake alizifuta kila jioni ili apate nafasi. Kama dada angetia sahihi ile, saa nane sauti zote zingekwenda motoni.

Lori likarudishwa getini. Mkuu akasema ni bahati nzuri. Bahati! Mwenye bahati hiyo amekaa mbele yake na barua ya onyo mkobani, na Mkuu hakumtazama.

Bwana Tayari, kwa sauti ndogo, akauliza hayo majina atayapata wapi sasa. Dada akainuka, akalileta daftari. Jamaa akatoa simu alipige picha.

"Hapana, mwanangu," dada akasema. "Keti. Mimi nasoma, wewe unaandika."

Akaketi. Walikaa hivyo siku nne, kisha kanda zikaanza kuingizwa upya, kila moja kwa jina lake, na sasa mkunga anasikika vizuri kabisa. Ile barua bado imo kwenye faili ya dada ofisini. Nimeiulizia mara tatu, naambiwa inashughulikiwa.