Nafula wangu na ile sanamu ya askari

Leo nimelia mbele ya watu chuoni kwa mtoto wangu, na sioni haya!

Kuna sanamu ya askari wa vita vya Wazungu pale. Wanafunzi wanataka ing'olewe, wazee wanasema haiendi popote. Tukaitwa wazazi kwa mkutano. Makelele tupu!

Nafula wangu (nimemzaa mimi, msisahau) akasimama.

Kijana mmoja akamzomea, "Dada, wewe uko upande gani?"

"Wa babu ya babu yangu. Alichukuliwa kutoka kijijini kwetu Namboboto kubebea Wazungu mizigo ya vita, hakurudi. Nyumbani wakazika mgomba mahali pa mwili wake. Huyu askari ana bunduki. Aliyembebea risasi yuko wapi?"



Mzee aliyekuwa anatetea sanamu akavua kofia. "Binti, hata kwetu walizika mgomba."

Kumbe ni wengi!

Wamekubaliana askari abaki, mbebaji mizigo achongwe kando yake, na majina ya wasiorudi yaandikwe chini.

Jina letu nimetoa. Ouma.

Kwenu nani hakurudi? Andika jina lake hapa, Nafula atapeleka.