Waya Lazima Upite Kiganjani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika karakana moja ya Chake Chake, nilikabidhiwa funguo mbili, daftari la stoo na rundo la nyaya zilizolala sakafuni kama tambi zilizomwagika. Zilikuwa ekstensheni, zile nyaya ndefu za kupelekea umeme uwanjani, mbali na soketi ya ukutani. Bwana Stoo, mkubwa wangu wa mwanzo, aliniambia nizikunje. Nikaiona kazi ndogo. Mama yangu alikuwa msokotaji wa kamba za usumba, nyuzi za makumbi ya nazi, kule Makoongwe, na mimi tangu mdogo nikizikunja, gumba hadi kiwiko, gumba hadi kiwiko. Nikafanya hivyo hivyo, mbio mbio, nikingoja kusifiwa.

Bwana Stoo aliuangalia mkunjo wangu, akaufungua wote.

"Bi Mize," akasema, "kamba haina kitu ndani. Uno, waya, una kitu ndani."

Ndipo aliponifundisha. Waya ukizungushiwa kiwikoni hujisokota, na nyuzi za shaba zilizomo ndani hukatika mojamoja huku ganda la nje likiwa bado linang'aa. Duara la kwanza unalilaza kwa juu, la pili unaligeuza kwa chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, kisha unafunga kwa utepe wa kitambaa bila ya kukaza. Hutundiki msumarini, maana msumari unauvunja waya pale pale unaponing'inia. Sisi tulipigilia ndoo kongwe ukutani, kitako kikigusana na ukuta, na waya ukakaa juu ya ubavu wa ndoo. Sakafuni haulali hata siku moja, kwa sababu panya wa stoo hawachagui chakula. Na ukitaka kuutumia unaukunjua wote, hata kama kazi iko karibu, kwa sababu waya uliokunjwa ukipitisha umeme mwingi hupata moto.

La mwisho lilikuwa kupapasa. Waya ukirudi, na plagi imechomolewa, unaupitisha wote kiganjani ukitafuta mchubuko, uvimbe au mahali palipolegea. Bwana Stoo hakuyaamini macho ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe.

Miaka ikapita, nikahamishiwa chuo kimoja nje kidogo ya Wete, niwe mtunza stoo ya bustani na viwanja. Huko nyaya zilikuwa ndefu zaidi, za mashine za kukatia michongoma na misumeno ya umeme. Niseme kweli, nilikuwa mkali. Mfanyakazi aliyenirudishia waya uliojeruhiwa nilimsema mbele ya wenzake, kisha wiki nzima hapati mashine, akate michongoma kwa panga. Ikafika pahala hakuna tena aliyeniletea waya uliokatwa. Nikajisifu kwamba wamejifunza. Nikaanza kupapasa pima mbili za mwanzo tu, nikautundika kwenye ndoo yake, nikaendelea na mambo yangu.

Asubuhi moja, wiki ya mahafali, Mkuu wa Majengo alisimama mlangoni mwa stoo akinihimiza. Wageni wanakuja, michongoma ya langoni haijakatwa. Mvua ndiyo kwanza imeanuka, nikamwambia majani bado yana maji. Akajibu kwamba wageni hawatangoja majani yakauke. Faki, mtunza bustani wetu, alikuwa nyuma yake. Waya wenyewe alikuwa ameurudisha yeye juzi yake, umekunjwa vizuri, juu na chini, kama nilivyomfundisha. Nikaandika daftarini "mzima", nikautoa.

Haikupita nusu saa nikasikia mtu anagumia. Faki alikuwa amepiga magoti penye majani, mkono wa kulia umeng'ang'ania waya na hauwezi kuachia. Mwenzake alikuwa anamkimbilia. Nikamkemea asimguse, nikachomoa plagi ukutani. Faki akaanguka ubavu, yu hai, vidole viwili vimeungua. Katikati ya waya palikuwa na kiungo kilichozungushiwa tepu nyeusi, na tepu imelegea kwa maji.

Hospitali nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba ameukata. Akageuza uso ukutani.

"Mie nkikuogopa weye kuliko umeme," akasema.

Maneno yale yaliniuma, na yananiuma mpaka leo.

Mkuu wa Majengo aliandika kwamba Faki amefanya uzembe, na maneno yakawa kwamba ataachishwa kazi. Alikuwa na watoto wanne. Neno "mzima" lilikuwa daftarini kwa mwandiko wangu, na ningenyamaza hakuna ambaye angeniuliza. Nilikwenda kwa Mkuu wa Chuo, daftari mkononi. Nikamwambia kwamba waya nimeutoa bila ya kuupapasa, na kwamba watu wananificha kwa sababu ya ulimi wangu. Nilipewa barua ya onyo. Faki akabaki kazini na vidole viwili visivyokunjika.

Baada ya hapo nilipigilia ndoo nyekundu karibu na mlango, ya nyaya mbovu. Anayeleta waya anaonesha pahala palipoharibika, hasemwi, anapewa mwengine. Uliokatwa hatuuungi kwa tepu. Tunaupunguza na kuufunga plagi mpya. Wiki ya kwanza waliniletea nyaya nne zenye tepu katikati, zote zimetoka kwenye ndoo zangu nilizokuwa nikijivunia. Nilikaa nazo mapajani muda mrefu.

Sasa nimestaafu. Walioipokea stoo hunipigia simu kuuliza unene wa waya na urefu wake, nami nawaeleza, hayo yanafundishika kwa siku moja. La pili, la kumfanya mtu asiogope kukuletea waya alioukata, nimelijua kwa gharama ya vidole vya mtu mwengine.

Siku ya kuniaga walipika pilau, wakanipa khanga na cheti chenye fremu. Mkuu wa Chuo alikuwa katikati ya hotuba pale Faki alipoingia kutoka uwanjani, jasho linamtoka, waya begani, ncha mbili zinaning'inia. Watu wote wakageuka. Akapita kati yao hadi mbele yangu.

"Bi Mize, uno nimeukata. Sasa hivi, pale langoni."

Hotuba ikasimama. Niliinuka nikaupokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaenda stoo kumtolea mwengine. Huo mwengine niliupitisha wote kiganjani, plagi hadi mwisho, na hotuba ikangoja.