Kitoto Changu cha Siku Tatu

Mimi shule niliishia darasa la pili, lakini majina ninayo. Watu wote wa ukoo wa mume wangu waliokufa, hata wale ambao baba mkwe wangu hakuwahi kuwaona, wako kichwani mwangu kwa mpangilio. Ndiyo kazi yangu. Kwetu mtoto akizaliwa, wanawake hukusanyika, mama yake akampakata, na mmoja wetu akaita majina ya wafu moja moja mpaka mtoto apige chafya. Jina linaloleta chafya ndilo lake. Tangu mama mkwe afariki, mwitaji ni mimi. Hapa sitaandika hata moja, kwa sababu majina hayo si ya kuwekwa ovyo kwenye karatasi.

Juzi juzi mke wa mjukuu wangu alijifungua mvulana, tukakubaliana Jumamosi tukutane nyumbani Soy tumpe jina. Alhamisi nilikuwa bado hapa Eldoret, Munyaka, kwa binti yangu, nimeachiwa msichana wake wa miaka saba baada ya shule. Akawasha tivi.

"Kogo, leo usisinzie," akaniambia. Kogo ndiyo nyanya kwetu. "Hii ni filamu ya kitambo. Mwalimu alituonyesha nusu tu."

Filamu yenyewe ilikuwa ya Kizungu, watu wamevaa manguo ya zamani, na yeye ndiye alikuwa akinitafsiria. Kuna kaka na dada, watoto wa maskini, wametumwa wamtafute ndege anayeleta furaha.

"Kwani kwao hawana kuku?"

"Kogo, kuku haileti furaha."

"Inaleta. Muulize mama yako wakati wa Krismasi."

Akacheka, nami nikacheka, nikawa natazama huku nakunywa chai. Wale watoto wakaingia kwenye ukungu mzito, wakatokea penye nyumba ndogo. Nje ya nyumba, kwenye benchi, mzee na mke wake walikuwa wamelala wakiwa wameketi.

"Hao ni nani?"

"Ni babu na nyanya yao. Walikufa kitambo. Wanalala tu hivyo, mpaka mtu wa huku awakumbuke, ndiyo wanaamka."

Na kweli wakaamka. Mzee akapangusa macho, nyanya akanyoosha mikono. Nikaweka kikombe chini.

"Hao Wazungu nani aliwaambia?"

"Aliwaambia nini?"

"Hayo. Hayo mambo ni yetu."

Lakini mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka na watoto wanatoka. Akaniambia hao ni ndugu zao waliokufa wakiwa wadogo. Walitoka mmoja mmoja, kila mmoja anaitwa kwa jina lake anakuja. Wa mwisho alikuwa anatambaa.

"Kogo, na wewe uko na wangapi wamelala?"

"Mimi simlazi mtu," nikamwambia. "Mimi huwataja wote." Nilipomaliza kusema hivyo, nikakumbuka kuna mmoja nisiyemtaja.

Kifungua mimba wangu alikuwa msichana. Nilimzaa Soy wakati wa mvua, sijafika hata miaka ishirini, na homa ikanishika hapo hapo nikiwa kitandani. Sikujua usiku wala mchana. Nilipopata fahamu, matiti yalikuwa yamejaa yananiuma na mtoto hayupo. Mama mkwe akaniambia, "Alikaa siku tatu." Basi. Akanikataza kuuliza, kwamba mama anayetazama nyuma huwafungia njia watoto wa mbele. Nikazaa wengine sita na sikuuliza tena. Na kwa sababu jina huitwa mama akiwa amempakata mwanawe, na mimi huyo sikumpakata hata dakika moja, nilijua aliondoka bila jina.

Sasa nilikuwa natazama wale watoto wakiitwa wanatoka, nikajiuliza, wangu angeitwa kwa lipi? Miaka hamsini na kitu amekaa kwenye benchi kama hilo, anasikia wenzake wakiitwa, na anayewaita ni mama yake mwenyewe.

"Kogo, chai yako inapoa."

"Zima hiyo kitu."

"Lakini bado hawajapata ndege."

"Zima, mama." Akazima. Mpaka leo sijui kama walimpata.

Jumamosi tulikuwa wanawake saba pale Soy. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa amekaa karibu na dirisha, kopo lake la ugoro mkononi. Zamani tulikuwa tunampitishia mtoto kidogo puani ili chafya ije haraka. Mama wa mtoto akakataa, akasema daktari hataki.

"Na huyo daktari wako," wifi akauliza, "yeye alipigishwa chafya na nini?"

Watu wakacheka. Nikaanza kuita. Mtoto akapiga miayo, akatazama ukuta, akapiga miayo tena.

"Huyu anangoja aitwe gavana," mmoja akasema.

Kwenye jina la kumi na moja akapiga chafya, tena mbili. Vigelegele vikapigwa. Kwa desturi, chafya ikishatoka, mwitaji hufunga mdomo, haongezi hata neno. Mimi sikuufunga.

"Na wewe wa siku tatu," nikasema, "uliyeondoka bila jina. Nimekukumbuka. Amka."

Aliyekuwa anamimina mursik alisimama na kibuyu kimeinama, maziwa yakamwagika mezani asione. Mama wa mtoto akamvutia mwanawe kifuani, akamfunika kichwa.

"Mama, unamwita nani juu ya mtoto wangu?"

Wifi akainuka na mkongojo wake, akanishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akanitoa mpaka jikoni.

"Umechanganyikiwa?"

"Ni mtoto wangu. Yule wa kwanza. Hakuna aliyempa jina."

Akanitazama kama mtu anayeniona mara ya kwanza.

"Nani alikuambia hana jina?"

"Sikumpakata. Nilikuwa mgonjwa."

"Nilimpakata mimi," akasema. "Mama aliona mtoto ni mnyonge, akasema hataenda bila jina. Nikakaa mahali pako, mama akaita. Wala hakukawia, huyo binti yako. Alipiga chafya kwa jina la nyanya yetu."

Nikakaa juu ya gunia la mahindi.

"Na hamkuniambia."

"Mama alikataza mpaka uzae mwingine. Ulipozaa, nikadhani amekuambia. Halafu kila mtoto akiletwa nakusikia unalitaja, la nne, na mimi nasema moyoni, huyu mama ana moyo wa chuma, anamtaja binti yake na sauti haitetemeki."

La nne. Nimeliita kwa watoto wa watoto wangu wote. Kila nikiliita nilikuwa naona bibi kizee ambaye nilisimuliwa tu, mwenye meno machache na ukali mwingi. Hata asubuhi ile nililipita mbio, kama mtu anayevuka barabara.

"Haya, twende," wifi akasema. "Ukamwambie yule msichana kwamba mtoto wake hajaitiwa mtu mbaya."

"Ngoja kwanza nimwite."

Akavuta kigoda, akakaa, akangoja. Nikafungua mdomo, na lile jina nililokuwa nimelitaja muda mfupi tu uliopita, mbele ya watu wote wale, halikutoka.