Mistari ya Kahawa Kisiwani

Wiki tatu baada ya kumzika babake, Munyiva alifunga kibanda chake cha nguo Ngara akaenda Kitisuru, kwenye bwawa ambalo marehemu huyo, Mzee Kaindi, alililinda miaka thelathini na mmoja. Katikati ya bwawa kuna kisiwa. Korongo hutaga huko, na mzee hakuruhusu mtu awarushie hata kokoto. Kila asubuhi alivua kofia, akasali, ndipo akafungua geti.

Pale getini Munyiva alimkuta Lazarus, mchoraji, akimalizia kibao kipya: MSITU ASILIA. HAUJAWAHI KUGUSWA.

"Futa," Munyiva alisema.

"Dada, hata rangi haijakauka ushaanza kunifuta?" Lazarus akacheka. "Maneno ni ya Madam. Mimi ni mkono tu."

Madam Debra, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, alikuja akampa pole. "Babako tulimpenda. Lakini watu wanakuja hapa kuona pori, Munyiva."

"Lilikuwa shamba la kahawa, Madam. Baba alichuma humo akiwa na miaka tisa, kikapu kiunoni. Shamba lilipokufa, meneja aliwaambia vibarua waing'oe mikahawa yote iwe kuni. Baba akaona viota kwenye mikahawa ya kisiwani. Akaweka panga chini."

"Una karatasi yoyote?"

Hakuwa nayo. Aliomba kimoyomoyo, akavua viatu, akavuka daraja la mbao hadi kisiwani. Debra akamfuata shingo upande.

Munyiva alipenyeza mikono kwenye mitambaazi akaifungua. Ndani palikuwa na mkahawa mzee, uliokatwa karibu na ardhi zamani ukaachiwa machipukizi matatu, sasa manene kama mapaja. Ndivyo babake alivyomfundisha kupogoa. Akapiga hatua tatu, akafungua tena. Mwingine. Hatua tatu. Mwingine. Mstari ulinyooka hadi majini.

"Msitu gani hupanga foleni hivi, Madam?"

Debra alihamia mstari wa pili, akaanza kuhesabu hatua zake mwenyewe, viatu vikizama kwenye tope. Juu yao korongo walipiga kelele. Alipofika mti wa sita alisimama akiwa ameushika.

"Lazarus!" aliita. "Tafuta tambara!"

Waliporudi getini, Munyiva ndiye aliyelipokea. Alifuta maneno yale mpaka ubao ukabaki mweupe.

"Tukiandika upya, tuanze na jina la mzee," Debra alisema.

"Hapana, Madam. Anza na kahawa," Munyiva alijibu. "Baba aje baada yake."