Wivu Katika Sehemu ya Pili

Mwishoni mwa miaka ya tisini bint ami yangu alikuwa akija kwetu Ibra, Omani, kila Alhamisi, na filimbi yake ya fedha ndani ya kisanduku cheusi. Baba alimwita "mwanangu". Mimi, aliyenizaa, aliniita kwa jina.

Ujanani baba alipiga fidla Unguja, katika klabu ya taarabu. Tulipohamia Omani akaajiriwa karani wa hospitali, na fidla hakuigusa tena. Mama alikwisha fariki, kaka zangu walikwisha oa na kuhamia Maskati. Niliyebaki naye ni mimi binti yake, mwalimu wa skuli ya msingi. Nilimpikia, nilimpima sukari, nilimsomea barua za serikali kwa kuwa Kiarabu cha kusoma kilimpiga chenga. Mazungumzo yetu yalikuwa ya dawa na chumvi.

Bint ami, mtoto wa mdogo wake baba, alichaguliwa angali mdogo kwenda kujifunza muziki Maskati kwa walimu wa Kizungu. Wakati ule alikuwa akijitayarisha kwa tamasha. Angepiga konsherto, muziki wa zama za kale ambamo filimbi moja hujibizana na ala nyingi, mtindo wanaouita baroki, na sehemu iliyomtaabisha ilikuwa ya pili, ile ya taratibu. Mwalimu wake alitaka kwanza amweleze mwendo wa sehemu hiyo, maqamu yake, yaani ngazi ya sauti zake, na hali ya moyo iliyomo.

"Mwendo ni largo, Ami," alimwambia baba. "Yaani polepole, tena kwa upana. Na maqamu ni mi minor."

"Hebu piga."

Akapiga. Baba alifumba macho, kidole kikitembea juu ya goti.

"Kwetu tungeiita Nahawandi," akasema. "Si yenyewe hasa, lakini ni jamaa yake. Ila unakwenda mbio, mwanangu. Unaogopa kimya. Iache sauti ife yenyewe, ndipo uchukue nyengine."

Nilileta kahawa na tende, hakuna aliyeinua uso. Nilileta mandazi, baba akanionesha kwa mkono niyaweke chini nisigonganishe sahani. Mimi niliyejua kila kidonge alichomeza sikuwa nikijua kwamba baba yangu anaijua Nahawandi. Sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwahi kuniona kuwa mtu wa kuambiwa.

Ikawa hivyo kila wiki. Jumatano moja nilikwenda soko la wanawake nikamnunulia baba makomamanga ya Jabal Akhdar, makubwa, mekundu hasa. Kesho yake nikamkuta amekaa ukumbini, ameyachambua punje moja moja ndani ya bakuli.

"Usile," akaniambia. "Mgeni yuko njiani."

Bint ami hakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Siku moja alinipa filimbi nijaribu. Nikapuliza, ikatoka pumzi tupu. Nikapuliza tena hata kichwa kikanizunguka. Baba akacheka kwa mapenzi, akasema, "Si kila mdomo." Nami nikacheka. Kisha nikaenda kukatakata vitunguu ambavyo mapishi ya siku ile hayakuvihitaji.

Wiki chache kabla ya tamasha bint ami alikuja amenuna.

"Mwalimu anasema bado. Naipiga kwa huzuni, ananiambia bado sijafika."

Akaweka kanda ya muziki ule, wakaisikiliza pamoja. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia mkononi.

"Si huzuni hiyo," nikasema.

Wakageuka wote wawili.

"Ni nini basi?" baba akauliza.

"Wivu."

Bint ami alicheka kidogo. Baba hakucheka. "Wivu au kijicho?"

"Wivu. Mwenye kijicho anataka cha mwenzake. Huyu anayesema kwa filimbi anataka chake mwenyewe, kimekaa mbele ya macho yake na mtu mwengine. Sikilizeni ala za nyuma, zinakwenda zao kama hazimsikii. Anasema neno, hajibiwi. Analisema tena kwa juu zaidi. Halafu anashuka, anasema kwa upole, kwa sababu ana adabu. Mwenye huzuni angelia tu."

Baba alinitazama, kisha akamwambia bint ami, "Piga pale anaposhuka."

Akapiga. Safari hii alishuka kama mtu anayerudisha mlango taratibu ili wenye nyumba wasijue kwamba alisimama pale.

"Ndiyo hiyo!" baba akapiga paja lake. "Umeipata, mwanangu!"

Nikachukua vikombe.

Tamasha lilikuwa alasiri, Maskati, katika ukumbi wenye baridi kali. Nilimwendesha baba kwa gari yangu. Sehemu ya pili ilipofika, bint ami aliipiga vile vile, kila jambo nililolisema likiwa pale pale nilipolisema. Watu wakatulia kabisa. Baba alilia waziwazi, akijifuta kwa ncha ya mussar, kilemba chake. Nami sikuwahi kumwonea wivu bint ami kama saa ile, maana hata wivu wenyewe sasa alikuwa nao yeye, na watu walisimama kuupigia makofi. Baadaye alinikumbatia, akaninong'oneza, "Bila wewe nisingeweza." Nikamwambia, "Mashaallah," na nikajitahidi iwe kweli.

Njiani kurudi baba alimsifu mfululizo. Tulipokuwa tukipanda milima nikashindwa kujizuia.

"Baba, yale yalikuwa maneno yangu."

Lori likatupita, likafuatwa na jengine.

"Najua," akasema. "Unafikiri nilikuwa namlilia yeye?"

Nikaendelea kushika usukani. Sikuthubutu kumwomba aongeze neno.

Asubuhi yake, kabla sijampa chai, alimpigia simu bint ami. Nilimsikia akimwambia, "Pale uliposhuka, mwanangu, pale…" Nilisimama nimeshika birika mpaka alipokata. Kisha nikamuuliza kama amelala vizuri.