Infiniti kwa Infiniti, Semeni Moja!

Wanaonijua wanajua kwamba Jumapili mimi huongoza sifa kanisani kwetu, mtaani Mamboleo. Shida ni kwamba Jumatatu naingia na sauti ile ile darasani, katika chuo cha ufundi ninakofundisha hesabu, huko Kisian.

Wiki jana nilikuwa nafundisha mambo ya x inapokua bila mwisho. Nikaandika x jumlisha tano, chini yake x jumlisha mbili.

"Juu inaenda infiniti, chini inaenda infiniti. Zinafutana. Inabaki ngapi?"

"Moja!"

Jibu lilikuwa sawa, lakini kwa bahati tu, nami sikujua. Moto wa Jumapili ukanipanda.

"Infiniti kwa infiniti?"

"Moja!"

"Sijawasikia!"

"MOJA!"

Mkuu wa chuo akaja mlangoni kuona kuna nini. Nami, kwa kutaka kumwonyesha darasa lilivyoiva, nikabadilisha ile x ya juu ikawa 3x. "Bado ni ngapi?"

"Moja!"

Hapo Atieno, ambaye muhula mzima hajawahi kufungua mdomo, akasimama na kalkuleta yake. "Mwalimu, nimeweka elfu moja mahali pa x. Inakuja mbili nukta tisa tisa tisa."

"Weka milioni," nikasema.

"Inazidi kukaribia tatu, Mwalimu. Ni kama ile tatu ya x ndiyo inabaki."

Mkuu alikuwa bado mlangoni. Nikauliza, safari hii kwa sauti ya chini: "Basi, infiniti kwa infiniti ni ngapi?"

"Inategemea, Mwalimu," akasema Atieno.

Na darasa lote, Mkuu akiwemo, likaitikia: "Amina!"