Kinyonga Aliyechoshwa na Nzi

Kinyonga wetu aliingia nyumbani Olasiti ndani ya mkungu wa ndizi, zawadi ya mama mkwe kutoka shambani kwake huko juu Meru. Mama, kama ninavyomwita mkwe wangu, alikuja kunisaidia kazi kwa sababu nilikuwa nimevunjika mguu na kufungwa hogo. Alipomwona mdudu yule anajivuta kwenye ndizi, aliuachia mkungu, akapanda juu ya kochi na viatu vyake vya kanisani.

"Mtoe! Huyo ni mkosi!"

Nilimtoa, ila sikumpeleka mbali. Nilimweka kwenye mlimau niliokuwa nimeupanda kwenye ndoo barazani, mahali nilipokuwa nikishinda na mguu wangu juu ya stuli.

Nilimlisha nzi, maana ndio niliowapata bila kuinuka. Mwanzoni alifyatua ulimi, nikacheka peke yangu kama mwehu. Baada ya wiki mbili akaanza kuwatazama tu. Akapauka kama majivu, macho yakabonyea, nami nikashikwa na huzuni nisiyoitarajia.

Mama alikuwa akimchungulia kutoka mlangoni.

"Unampa nini?"

"Nzi, Mama."

"Na jana?"

"Nzi."

"Juzi je?"

Nikamfukuza nzi aliyetua kwenye hogo.

"Mwanangu, unajua navyopenda loshoro yangu ya mahindi na maziwa mgando. Lakini ukinipa loshoro asubuhi, mchana na jioni, mimi nitarudi kwangu."

Kesho yake asubuhi alijifunga kitenge, akaingia kwenye majani nyuma ya nyumba. Nilimwona Mama, mzee wa kanisa mzima, anaruka, anainama, anapiga chini kwa kiganja, anakosa, anasonya. Alirudi anahema, na kopo la majarini mkononi. Ndani mlikuwa na panzi wawili, nyenje mmoja, na kiwavi mnene aliyemtoa kwenye sukuma wiki. Akaliweka kopo karibu yangu, akajificha nyuma ya kiti changu.

Nilimshika panzi kwa kibano cha nyusi, nikamsogeza. Jicho moja la kinyonga likamgeukia panzi. La pili likamkazia Mama.

"Mbona ananiangalia mimi?"

Kabla sijajibu, ulimi ukatoka, panzi akatoweka. Mama akapiga kigelegele, na jirani akaja mbio getini kuuliza nani kachumbiwa.

Tangu siku ile sikuruhusiwa kupanga chakula. Leo panzi, kesho kiwavi, keshokutwa nyenje, na nzi mara mojamoja kama kitafunwa. Kila asubuhi Mama alinyunyizia majani ya mlimau maji, kinyonga akayanywa tone kwa tone. Rangi ya kijani ilirudi kwanza kwenye mkia, kisha mbavuni.

Majirani wakaanza kuja kumwona. Waliomwamkia Mama shikamoo walipewa kiti, na maelezo marefu ya kinyonga amekula nini na lini. Siku moja nilijisahau nikampa kinyonga panzi siku mbili mfululizo. Mama alinitazama, akatikisa kichwa.

"Mvivu wewe," akasema, akachukua kopo lake, akaelekea majanini.